Amplifaya ya Valvu Ikinyamaza

Bila shaka umewahi kuliona lile sanduku kubwa jeusi linalokaa nyuma ya mpiga gitaa katika dansi. Gitaa la umeme peke yake halisikiki. Ulipige bila sanduku lile, sauti yake ni kama nzi ndani ya chupa. Sanduku hilo ndilo amplifaya, yaani chombo cha kukuza sauti.

Amplifaya nyingi za siku hizi hutumia transista. Lakini zile za miaka ya 1950 na 1960 zilitumia valvu. Valvu ni kama balbu ndogo ya kioo, nayo huwaka kwa ndani rangi ya machungwa. Ndiyo maana watu wengine huziita taa. Bendi zetu kama Morogoro Jazz ya marehemu Mbaraka Mwinshehe, na NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964, zilikua katika enzi hizo za valvu.

Huenda ukauliza: kwa nini tuhangaike na kitu cha kale? Kwanza, wapiga gitaa wanaipenda sauti yake. Ukiifungulia sana, transista hukata sauti ghafla na kwa ukali, bali valvu hulegea polepole na sauti ikawa nene. Pili, chombo hiki kinatengenezeka. Ndani yake hakuna kitu kidogo kisichoonekana kwa macho. Kila kipande unaweza kukishika, kukipima na kukibadili. Valvu nazo bado zinatengenezwa mpaka leo katika nchi za Slovakia, Urusi na China.

Lakini kuna jambo la tatu, nalo si la kufurahisha. Chombo hiki kinaweza kukuua, hata kikiwa kimechomolewa ukutani. Soma habari hii mpaka mwisho kabla hujashika bisibisi.

MLINZI AKIFA MLANGONI

Mjomba wangu alipiga gitaa ujanani, tena alikuwa fundi wa redio za valvu. Anayo Vox AC30 moja, aliyoinunua kwa mtu. Aina hii ilitengenezwa mjini Dartford, Uingereza, na aliyeibuni alikuwa fundi aitwaye Dick Denney. Ndiyo aina waliyoitumia The Beatles walipoanza kuvuma. Nguvu yake ni wati 30, na uzito wake unapita kilo 30. Kuibeba ni kazi ya watu wawili, au mmoja asiyejali kiuno chake.

Amplifaya ya mjomba ilikaa stoo miaka mingi. Nyigu walijenga ndani yake. Basi mwaka ule mjukuu wake alitaka kupiga gitaa kwenye harusi ya dada yake, na harusi ilikuwa imebaki wiki tatu. Mjomba akaniita.

Tulipoichomeka, haikuwaka. Nikafungua kifuniko cha fyuzi, nikakuta imeungua. Mimi nikajiona mjanja. Nikachukua karatasi ya fedha kwenye pakiti ya sigara, nikaizungushia fyuzi, nikairudisha, nikawasha. Kwa muda mfupi palikuwa kimya. Halafu ndani ya valvu moja nikaona cheche za buluu, na harufu ya kuungua ikajaa chumbani. Mjomba aliruka kutoka kitini, akachomoa plagi.

"Mjomba," akaniambia, maana naye huniita hivyo, "fyuzi ni mlinzi. Ukimkuta mlinzi kafa mlangoni, unauliza kwanza nani kamuua. Huwezi kuweka sanamu mahali pake ukaenda kulala."

Sikuwa na la kujibu.

HATARI ILIYOJIFICHA

Umeme wa ukutani kwetu ni volti 230. Ndani ya amplifaya ya valvu kuna transfoma ambayo huupandisha zaidi. Katika amplifaya nyingi, valvu zinafanya kazi kwa volti 300 mpaka 450, na zipo zinazopita hapo. Umeme huo huhifadhiwa katika vyombo vinavyoitwa kapasita. Fikiria mtungi wa maji. Ukifunga bomba, maji yaliyomo mtungini hayapotei. Kadhalika kapasita: ukichomoa plagi, umeme uliomo ndani yake unaweza kubaki kwa dakika, pengine kwa saa nyingi. Ukiugusa, mkono mmoja kwenye kapasita na mwingine kwenye bati, umeme unapita kifuani, mahali penye moyo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa ni kuumwaga umeme huo. Mjomba anatumia rezista ya omu 10,000 yenye nguvu ya wati 5, iliyoungwa na waya mbili zenye mpira mzuri. Plagi ikiwa nje, kibanio cha waya wa kwanza anakibana kwenye bati la chombo. Waya wa pili anaugusisha kwenye upande chanya wa kapasita, akihesabu pole pole mpaka thelathini. Mkono wa pili uko mfukoni. Kisha anapima kwa mita. Ikiwa haijafika karibu na sifuri, anarudia. Kapasita zikiwa nyingi, kila moja anaimwaga na kuipima. Wapo wanaogusisha bisibisi tu mpaka ilipuke "pa!" Hiyo si kazi ya fundi. Inaharibu kapasita, na cheche inaweza kukurukia machoni.

Tena mita yenyewe ijaribiwe kwanza kwenye umeme unaoujua, hata betri. Mita mbovu ikikuonyesha sifuri, utaamini.

Hatari nyingine humpata mpigaji, si fundi. Nyuzi za gitaa ni za chuma, nazo zimeungana na bati la amplifaya. Bati likishika umeme na waya wa ardhi ukawa umekatika, mpigaji anashika umeme mkononi bila kujua. Akigusa maikrofoni kwa mdomo, umeme unapata njia. Mwezi Mei 1972 huko Swansea, Uingereza, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani alipogusa maikrofoni isiyokuwa na ardhi. Mei 1976, Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa The Yardbirds, alikufa nyumbani kwake akipiga gitaa la umeme ambalo halikuungwa ardhi vizuri. Hawa hawakuwa washamba wa umeme. Walikuwa wanamuziki wa kazi.

Basi usikubali kamwe amplifaya yenye waya mbili tu. Weka waya wenye nyuzi tatu. Ule wa kijani na njano ni wa ardhi, nao ufungwe kwa skrubu yake mwenyewe kwenye bati, ukazwe sana. Wa kahawia ni wa moto, upite kwenye fyuzi na swichi. Wa buluu ni wa kurudi. Katika vyombo vya kale vya Uingereza utakuta rangi nyingine: nyekundu ni moto, nyeusi ni wa kurudi, kijani ni ardhi. Katika plagi ya pini tatu bapa, fyuzi ya 13 ni kubwa mno kwa chombo hiki. Weka ya 3. Na ukuta wenyewe uwe na ardhi ya kweli. Nyumba nyingi zina tundu la tatu kwenye soketi lakini nyuma yake hakuna waya.

Amplifaya za Marekani, kama zile za Fender kutoka California, zina mambo yake. Za kule zimetengenezwa kwa volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 utaichoma. Lazima upate transfoma ya kushusha umeme. Hata hivyo itapata joto kuliko kwao, kwa sababu umeme wa Marekani huenda na kurudi mara 60 kwa sekunde, na wa kwetu mara 50. Tena nyingi za kale zilikuwa na kapasita ndogo iliyounga waya wa umeme wa ukutani na bati. Ikiharibika, bati zima linakuwa moto. Mafundi wa huko huiita kapasita ya kifo. Ikate uitoe, kisha uweke waya wa nyuzi tatu.

VALVU INAFANYAJE KAZI?

Wakulima wa mpunga watalielewa hili upesi. Katika mfereji mkubwa kuna lango la mbao. Maji ni mengi na yana nguvu, lakini mtoto anaweza kulipandisha na kulishusha lango kwa mkono mmoja. Nguvu ndogo ya mkono inatawala nguvu kubwa ya maji.

Valvu ni hivyo hivyo. Ndani kuna kipande cha chuma kinachopashwa moto, kiitwacho kathodi. Kikipata moto hutoa chembe za umeme, elektroni. Mbali kidogo kuna bati liitwalo anodi, lenye volti nyingi, nalo huzivuta chembe hizo. Katikati kuna waya mwembamba uliozungushwa kama wavu, uitwao gridi. Huo ndio lango. Umeme mdogo sana kutoka kwenye gitaa unaingia kwenye gridi, na mto mkubwa kutoka kathodi kwenda anodi unafuata mwendo wake. Ndani ya kioo hakuna hewa, maana hewa ingezuia safari hiyo na kuunguza kathodi.

Kwa hiyo ukitaka kujua valvu imeingia hewa, tazama ndani ya kioo, mara nyingi juu. Pana doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Doa hilo kuwapo si ubovu. Lakini likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo ni ya kutupa.

Katika AC30 kuna valvu ndogo ziitwazo ECC83 za kuanzia kazi, kuna nne ziitwazo EL84 za kutoa nguvu ya kusukuma spika, na kuna moja iitwayo GZ34. Hii ya mwisho haikuzi sauti. Kazi yake ni kuunyoosha umeme, kwani wa ukutani huenda na kurudi, na valvu zinataka unaokwenda upande mmoja tu. Kapasita kubwa huusawazisha baada ya hapo.

TULIVYOMTAFUTA ALIYEMUUA MLINZI

Mjomba alianza kwa kutazama na kunusa. Tulitoa mavumbi kwa brashi kavu, tukang'oa nyumba ya nyigu. Spika tukaziacha zimeungwa. Hili ukumbuke: amplifaya ya valvu usiiwashe ikiwa haina spika. Transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua ndani, na kuipata nyingine ni taabu na gharama.

Kisha akatengeneza kifaa ambacho kila fundi wa kijijini anapaswa kuwa nacho. Ni balbu ya wati 100 katika kishikio chake, iliyoungwa katikati ya waya wa moto, ili umeme wote unaokwenda kwenye amplifaya upite kwanza kwenye balbu. Iwe ile balbu ya zamani yenye uzi ndani. Hizi za siku hizi za kubana matumizi hazifai. Kifaa chote kiwe ndani ya sanduku, waya usibaki wazi.

Maana yake ni hii. Ndani ya amplifaya kukiwa na shoti, umeme mwingi utataka kupita, nayo balbu itawaka sana na kuuzuia. Hakitaungua kitu. Kukiwa hakuna shoti, balbu itawaka mara moja kisha itafifia.

Tulichomoa valvu zote, tukawasha. Balbu ikamulika kidogo, ikazimika. Mjomba akapumua. Transfoma kubwa ilikuwa nzima, pamoja na ujinga wangu wa karatasi ya sigara. Tukazima, tukarudisha GZ34 peke yake, tukawasha tena. Baada ya sekunde chache, valvu ilipopata moto, balbu ikawaka kwa nguvu kama imeungwa ukutani moja kwa moja.

"Umemwona?" akasema mjomba.

Maana shoti ilikuwa mbele ya GZ34. Tukachomoa, tukamwaga umeme, tukapima kapasita kubwa kwa mita. Moja ilionyesha karibu omu sifuri kati ya miguu yake miwili. Hiyo ndiyo iliyoua fyuzi.

Kapasita za aina hii zina majimaji ndani. Zikikaa miaka thelathini au arobaini hukauka. Nyingine hupasuka, nyingine huvuja, nyingine hazionyeshi dalili yoyote kwa nje. Mjomba hakubadili moja, alibadili zote kubwa. Kwa nini? Kwa sababu zimezaliwa siku moja. Nyingine itafuata kesho, pengine siku ya harusi. Zile mpya ziwe za volti 500, hata kama za zamani zimeandikwa chini ya hapo, kwani valvu zisipovuta umeme volti hupanda. Angalia sana alama ya kujumlisha na kutoa. Ukiigeuza, italipuka. Na usiunge mpya juu ya mbovu ukaiacha ile mbovu mahali pake.

Chuma cha kulehemu cha wati 40 hadi 60 kinatosha kwa kazi nyingi. Pasha mguu wa kipande, si risasi. Risasi ifuate joto. Osha mikono kabla ya kula, maana risasi ni sumu.

MWIZI WA PILI

Baada ya kapasita mpya, balbu ilififia vizuri hata GZ34 ikiwamo. Mimi nikataka kuchomeka valvu zote tuanze kupiga. Mjomba akanizuia. Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nitaeleza taratibu.

Kati ya valvu za mwanzo na zile EL84 kuna kapasita ndogo mbili. Kazi yake ni kuipitisha sauti na kuuzuia ule umeme mkubwa. Ni kama mlango wa chandarua: upepo unapita, mbu hawapiti. Chandarua kikitoboka, volti zinavuja mpaka kwenye gridi ya EL84. Lango la mfereji linafunguka lote. Valvu inavuta umeme kupita kiasi, bati lake la ndani linakuwa jekundu kama chuma cha mhunzi, na kwa muda mfupi valvu imekwisha, pengine na transfoma ya sauti.

Namna ya kupima ni hii. EL84 zikiwa nje na chombo kimewashwa, pima volti kati ya bati na tundu la pini ya 2 katika soketi ya kila EL84. Pini huhesabiwa kutoka chini, kwa mwendo wa saa, ukianzia kwenye lile pengo pana. Bana waya mweusi wa mita kwenye bati kabla ya kuwasha, kisha tumia mkono mmoja tu. Mita isome sifuri. Sisi tulipata sifuri kwenye soketi mbili, na kwenye mbili nyingine tukapata zaidi ya volti 20. Chandarua kimetoboka. Tukazima, tukamwaga umeme, tukabadili zote mbili, tukaweka za ukubwa ule ule wa maikrofaradi 0.1, za volti 600.

Ndipo tukachomeka valvu zote. Chumba kikazimwa taa ili tuone vizuri. Zikawaka rangi ya machungwa, na hakuna bati lililokuwa jekundu. Tukaondoa balbu, tukaiunga moja kwa moja.

Mjomba akapima kitu cha mwisho. EL84 zote nne zinapitisha umeme wake katika rezista moja ya omu 50. Mita ilisoma volti 10 juu yake. Gawanya 10 kwa 50, unapata ampea 0.2. Gawanya kwa valvu nne, kila moja inapitisha 0.05. Zidisha kwa volti 300 na kitu, unapata zaidi ya wati 15, na kikomo cha EL84 ni wati 12. Nilishtuka. Mjomba akacheka, akasema AC30 zimezaliwa hivyo, zinachomwa tangu kiwandani, na ndiyo maana zinajulikana kwa joto. Wapo mafundi wanaoweka rezista ya omu 68 ili valvu zidumu. Naye akaweka hiyo, yenye wati 10. Sauti haikupungua kwa sikio langu.

KELELE NDOGO NDOGO

Ilibaki kelele ya kukwaruza kila tulipozungusha vitufe vya sauti. Hiyo si kitu. Plagi ikiwa nje, puliza dawa ya kusafishia umeme ndani ya vitufe, uzungushe mara ishirini. Soketi za valvu nazo zisafishwe hivyo hivyo.

Mngurumo una lugha yake. Ukipunguza sauti mpaka mwisho na mngurumo haupungui, shuku kapasita kubwa. Ukipungua pamoja na sauti, ubovu uko mwanzoni, au ni waya wa gitaa. Valvu ukiigonga taratibu kwa kijiti kikavu ikalia kama kengele kwenye spika, hiyo imelegea ndani, ibadili. Kijiti kiwe cha mbao kavu. Penseli haifai, kwa kuwa moyo wake unapitisha umeme.

Tuliiacha iwake saa tatu, nyuma yake pakiwa wazi hatua moja kutoka ukutani ili joto litoke. Mjomba alikaa karibu nayo na gitaa la mjukuu wake, akipiga polepole nyimbo za zamani. Kila baada ya muda aliinama kuchungulia kama kuna bati lililoiva.

Siku ya harusi, kabla ya kuichomeka ukumbini, alitoa mita mfukoni akapima soketi ya ukuta. Ardhi haikuwapo. Maharusi walikuwa wanakaribia, watu wakimpigia kelele aanze. Aliwaambia wangoje. Fundi wa ukumbi akaitwa, akavuta waya kutoka soketi nyingine iliyokuwa nzima, mjomba akapima tena, kisha akamwambia mjukuu wake, "Haya, sasa shika gitaa."